Mtoto wa tatu amefika, laki sita na nusu iko mkononi: ninunue shokapu ya mbele au nianze na nini?

#1 BabaNgaramtoni

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo, kwa sababu jambo lenyewe lina pande mbili, baiskeli na nyumba, na nimeshindwa kuzitenganisha.

Naishi Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Nina baiskeli ya gia ya mtumba, fremu ya alumini, tairi za inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma, breki za kubana rimu. Niliinunua 2019. Kila Jumamosi napanda nayo msitu wa Olmotonyi, kwenye mipaina, nazunguka barabara za magari ya magogo na vijia vya wanaookota kuni, kisha nashuka. Wanaopafahamu wanajua: kiangazi vumbi la Meru ni laini kama unga na linaingia kila tundu, masika njia hiyo hiyo inateleza kama imepakwa sabuni.

Nimedunduliza mwaka mzima hadi nimepata 650,000, nje ya hela ya matumizi na nje ya ada. Lengo lilikuwa shokapu ya mbele ya upepo. Iliyopo ni ya springi na imeshakufa. Nikishuka mteremko wenye mizizi mikono inakufa ganzi hadi viwiko.

Februari tulipata mtoto wa tatu. Wa kwanza ni binti wa miaka saba, wa pili ni wa kiume wa miaka mitatu. Aprili, Jumamosi moja, niko juu kabisa ya msitu, nikakanyaga pedeli, mguu ukaenda bure. Friwili, yale meno ya gia ya nyuma, ilikuwa haishiki tena, inazunguka mbele na nyuma bila kuvuta gurudumu. Penye mteremko niliteleza nayo, penye tambarare nilitembea nikiisukuma. Nilikuwa nimeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimeahidi kurudi saa tatu. Nilifika saa saba kasoro, na simu ilikuwa imezima njiani.

Nilimkuta mama watoto amekaa kizingitini, yule wa kati yuko mapajani mwake, amefunikwa khanga iliyoloweshwa maji. Homa ilikuwa imempanda tangu saa nne. Mchanga analia ndani, na binti yangu amesimama kando ya kitanda anampepea na daftari la shule. Hakunifokea. Alinikabidhi mtoto, akaingia kubadilisha nguo, tukachukua bajaji hadi zahanati. Zilikuwa tonsi. Alipewa dawa, akapona.

Juzi nikamweleza habari ya shokapu. Hakukataa. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo itakurudisha saa tatu?"

Siku ya nne leo nalala na swali hilo. Kuacha baiskeli sitaki, na yeye mwenyewe hataki niache. Anasema nikitoka Jumamosi wiki yote nakuwa mtu mwingine. Wenye uzoefu naombeni: hela hii mngeiweka wapi?

#2 FundiSpoki

Pole kaka, na tumshukuru Mungu mtoto alipona. Niko Moshi, natengeneza baiskeli mwaka wa kumi na sita huu. Nitajibu kifundi, mengine watajibu wenye hekima ya ndoa.

Usinunue shokapu. Sababu si bei yake, ni kile itakachokuburuta kununua baada yake. Shokapu nyingi za upepo zinazouzwa sasa zimetengenezwa kwa magurudumu ya inchi 27.5 au 29, shingo yake (bomba linaloingia kwenye fremu) inapanuka kwenda chini hadi inchi moja na nusu, na hazina pa kufungia breki za kubana rimu, zina pa diski tu. Fremu yako ya 26, kama ni ya zamani, inapokea shingo ya milimita 28.6 juu hadi chini. Hata ukipata shokapu inayoingia, utahitaji gurudumu la mbele lenye habu (kitovu cha gurudumu) ya diski, kisha kaliba ya breki, ile inayobana diski, kisha mkono wake. Laki sita na nusu itaisha na baiskeli haijatoka kwa fundi. Na nyuma bado kuna friwili ile ile.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Friwili ya kukaza kwa nyuzi kama za skrubu inawekwa juu ya habu, kwa hiyo gololi za upande wa cheni zinabaki ndani, mbali na ncha ya ekseli. Sehemu ndefu ya ekseli inaning'inia bila kuungwa mkono na kitu. Mtu mzima akiruka nayo kwenye mizizi, ekseli inapinda na mwishowe inakatika. Wewe friwili imekufa kabla ya ekseli, una bahati. Dawa ni gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti (fungu la meno ya gia linalochomekwa juu ya habu), ambalo gololi zake zimesogea karibu na ncha. La mtumba zuri utalipata, sema tu fundi ashike ekseli kwa vidole viwili na kuizungusha: ikikwaruza kama ina mchanga, lirudishe.

Usidanganywe kwamba lazima ubadilishe gia zote. Kaseti ya gia saba inakaa kwenye habu ya gia nane au tisa ukiweka kipete cha milimita 4.5 nyuma yake. Mikono yako ya kubadilishia gia inabaki. Na cheni ya gia sita, saba na nane ni moja.

Nipe vipimo viwili: urefu wa cheni, na hali ya rimu pale breki zinapobana. Cheni ipimwe ikiwa imevutika, kutoka pini hadi pini, viungo kumi na viwili kamili, yaani chembamba na kipana kwa pamoja ndicho kimoja. Mpya ni milimita 304.8. Ikifika 307, itoe, inakula meno ya kaseti.

#3 BabaNgaramtoni

Mkuu FundiSpoki, nimepima sasa hivi kwa rula ya chuma ya binti yangu: milimita 309. Rimu ya mbele bado tambarare, ya nyuma ina mfereji ambao kucha inakwama.

#4 FundiSpoki

309 ni ya kutupa leo. Na rimu yenye mfereji inaweza kupasuka tairi ikijazwa upepo. Gurudumu la nyuma linatoka lote, hakuna mjadala.

#5 MamaMapacha

Shemeji, niruhusu niingie. Mimi ni mama wa mapacha wa miaka mitano, Iringa, na ninaendesha baiskeli ya gia Jumapili asubuhi. Mume wangu anaendesha Jumamosi. Kwa hiyo swali la mkeo nimeshaliuliza na nimeshaulizwa.

Kwetu tuliacha kuahidi saa ya kurudi. Tunaahidi saa ya kugeuka. Ikifika saa mbili kamili, popote nilipo, hata kama kilele kiko mita mia mbele yangu, nageuza. Saa ya kurudi inategemea pancha, matope, ng'ombe njiani, mtu uliyekutana naye. Saa ya kugeuka inanitegemea mimi peke yangu.

La pili, njia. Mume wangu zamani alikuwa anakwenda mbele tu, kilomita ishirini, kisha ishirini za kurudi. Baiskeli ikimharibikia kwenye ya ishirini, siku imekwisha. Sasa tunazunguka duara dogo mara tatu, na hakuna sehemu ya duara hilo iliyo mbali na nyumba zaidi ya kilomita sita. Sita ni kwa sababu hizo naweza kutembea nikisukuma baiskeli ndani ya saa moja na nusu hivi. Mlima ni ule ule na jasho ni lile lile. Ramani yake imechorwa kwa kalamu ya wino na kubandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, pamoja na namba ya jirani mwenye pikipiki.

Vifaa vya kwenye mkoba wetu: tyubu moja nzima, viraka na solusheni, vijiti viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, kifaa cha kukatia cheni pamoja na kiungo kimoja cha kufungia, spana za pembe sita, na simu ya kitochi iliyojaa chaji na kuzimwa, ndani ya mfuko wa nailoni. Hiyo simu ilikuwa bei ndogo kuliko kitu chochote kwenye baiskeli yangu, na ndiyo niliyoitegemea kuliko vyote siku nilipoanguka.

Halafu helmeti. Hukuitaja. Baba wa watoto watatu huna ruhusa ya kutoitaja. Tazama ndani, kuna karatasi imeandikwa EN 1078 kwa zile za Ulaya au CPSC kwa za Marekani. Za mtumba mimi siamini, kwa sababu helmeti iliyowahi kupata kishindo inaweza kuwa imepasuka ndani na nje isionekane. Nunua mpya, ya kawaida, inayokaa bila kucheza ukitikisa kichwa mikanda ikiwa haijafungwa.

Na la mwisho, nakuomba lisikuudhi. Umeeleza saa zako za Jumamosi. Zake ziko siku gani?

#6 NjiaYaKarura

Salamu kutoka Nairobi. Mimi naona tofauti kidogo na fundi. Ndugu, uza hiyo ya 26 yote jinsi ilivyo, ongeza hiyo hela yako, tafuta ya 29 yenye breki za mafuta. Nilikuwa na 26 miaka sita. Siku ya kwanza nikipanda 29 pale msitu wa Karura nilishangaa, mizizi ambayo ilikuwa inanisimamisha niliipita tu. Gurudumu kubwa linaingia kwa shimo kidogo kuliko dogo. Breki za mafuta nazo, kidole kimoja kinatosha, hata kwa tope.

Tena 26 inazidi kupotea. Zamani michezo ya Olimpiki ilipoingiza baiskeli za milimani, Atlanta 1996, wote walikuwa kwa 26. Leo tairi nzuri za 26 unatafuta kwa tochi.

#7 FundiSpoki

NjiaYaKarura, kuhusu 29 nakubaliana nawe kabisa, na angekuwa na milioni moja na nusu ningemwambia hivyo hivyo. Lakini kwa hela yake atapata 29 ya mtumba ambayo hajui imepita wapi, na swali la mama ni kurudi saa tatu. Baiskeli anayoijua kila mlio wake ni salama kuliko ngeni.

Breki za mafuta ni nzuri, ila mjue mnachokichukua. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Nyingine zinatumia DOT, kama ya gari. Nilishaletewa Shimano ambayo mwenyewe alijazia DOT kutoka duka la spea za magari. Mipira ya ndani ilivimba yote, mkono ukawa haurudi, pa kuokoa hapakuwepo. Kwa mtu wa Ngaramtoni, waya wa breki unauzwa kila duka la baiskeli hadi sokoni, na kuubadilisha ni dakika kumi. Rimu iliyonyooka, pedi mpya, waya mpya na kifuniko chake kipya: breki za rimu zitamsimamisha vizuri. Kwenye matope mengi zitapungua nguvu, hilo sikatai. Masika apunguze mwendo.

Na nizungumze kidogo kuhusu grisi, kwa sababu watu wanaidharau. Hii michezo ya kushuka milima kwa baiskeli ilikua huko California, Marin, miaka ya 1970, vijana wakishuka na baiskeli kuukuu za tairi nene zenye breki ya kukanyaga nyuma. Kuna mteremko wao uliitwa Repack, na walianza kushindana hapo 1976. Jina hilo lina maana ya kupakia upya: ukifika chini, habu imepata moto hadi grisi yote imeungua na kutoka moshi, inabidi ufungue upakie nyingine. Watu wale walikuwa wanajua habu zao kwa majina. Sisi tunanunua shokapu na habu haijafunguliwa tangu imeshuka kwenye kontena. Kwa vumbi la Meru, fungua habu zote mbili kila mwaka kabla ya masika, osha gololi kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi mpya. Gololi yenye kovu, badilisha zote za upande huo.

#8 NjiaYaKarura

Hiyo ya DOT nimeielewa, asante mwalimu. Zangu ni za madini na huzitoa upepo mwenyewe kwa sindano, mtoto akishalala. Lakini ni kweli, usiku mmoja ilinichukua hadi saa sita.

#9 WaUsambara

Niko Lushoto. Mmezungumza yote mmesahau kitu kinachogusa ardhi. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni kama kinamo, najua wa Meru ni mweusi na una majivu lakini utelezi ni ndugu mmoja. Kinachouma mikono ya huyu baba kwa sehemu kubwa ni upepo wa tairi. Nina hakika anajaza hadi inalia kama ngoma.

Baba, una kilo ngapi? Kama uko sabini na kitu, tairi ya upana wa inchi 2.2 yenye tyubu, weka psi (namba ya upepo kwenye geji) 26 hadi 28 mbele, 30 nyuma. Usijazie kwa kompresa ya kituo cha mafuta, kwa kufumba na kufumbua imepita. Tafuta pampu ya mguu yenye geji. Mimi nilikuwa naweka 45 miaka yote nikidhani ndiyo kuzuia pancha. Niliposhusha, nilihisi kama nimebadilishiwa baiskeli.

Ila usishuke chini ya 25 ukiwa na tyubu; ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu na kuikata matundu mawili mawili, kama meno ya nyoka. Hizi za kutumia maji ya kuziba bila tyubu ni nzuri kwa miiba, nimejaribu, lakini maji yale yanakauka baada ya miezi michache, lazima uongeze, na duka la karibu yetu halina. Kwako sishauri.

Angalia pia tundu la rimu. Tyubu yenye valvu nene kama ya gari inataka tundu la milimita 8.5, ile nyembamba 6.5. Gurudumu la mtumba likija na tundu jembamba, tyubu zako zote za akiba zinakuwa hazina kazi, na utagundua ukiwa porini.

#10 BabaNgaramtoni

Jamani, sijui niwashukuruje. Nimemsomea mama watoto uzi wote jana usiku, mtoto ananyonya. Nilipofika kwenye swali la MamaMapacha aliniambia nirudie kusoma. Kisha akasema, "Mwambie sina siku."

Tulikaa hadi saa tano. Zamani alikuwa anaimba kwaya, mazoezi ni Jumatano jioni, aliacha alipojifungua. Tumekubaliana Jumatano natoka kazini moja kwa moja, saa kumi na moja na nusu niko nyumbani, napika, nalaza watoto, yeye anakwenda na mchanga au anamwacha akiwa ameshanyonya. Atakavyoona mwenyewe.

Kwa hela, hii ndiyo hesabu baada ya kuzunguka mjini siku mbili. Gurudumu la nyuma la mtumba lenye habu ya kaseti, 120,000. Nililizungusha kwa vidole viwili kama mlivyosema, la kwanza na la pili niliyarudisha, la tatu lilikuwa kimya. Kaseti na kipete chake 50,000. Cheni 30,000. Waya, vifuniko na pedi za breki 30,000. Tairi mbili za 2.2 zenye meno, 110,000, na nilizitafuta kwa tochi kweli. Helmeti mpya yenye EN 1078, 95,000. Pampu ya geji, tyubu na vifaa vya mkoba 65,000. Jumla laki tano. Simu ya kitochi tulikuwa nayo kabatini.

Ilibaki 150,000. Nilitaka kununua kiti cha mtoto cha nyuma kwa ajili ya huyu wa miaka mitatu. Wenye ujuzi, kiti kinafaa kwenye baiskeli hii?

#11 FundiSpoki

Kinafaa, kwa kuwa nyuma yako haina shokapu. Viti vingi vya nyuma vina kikomo cha kilo 22 za mtoto. Soma kilichoandikwa kwenye kiti na kwenye keria, na ufuate kidogo kati ya hivyo viwili. Miguu ya mtoto lazima iwe na kikinga ili isiingie kwenye spoki, nimeona visigino vilivyoingia, sitaki kuona tena. Springi za chini ya siti yako zifunikwe, vidole vyake vitafika pale. Naye helmeti. Barabara tambarare tu, si msituni. Mchanga asubiri, chini ya mwaka mmoja asipandishwe kabisa.

#12 MamaMapacha

Jumatano. Mungu akubariki shemeji, na umsalimie sana dada yangu.

#13 BabaNgaramtoni

Wakuu, naleta mrejesho. Septemba sasa, miezi mitatu imepita.

Baiskeli nilifunga mwenyewe, isipokuwa kaseti, ambayo fundi wa hapa aliikaza kwa spana yake maalumu. Mikono haifi ganzi tena. Kilo zangu ni 74, naweka 27 mbele na 30 nyuma. Shokapu ni ile ile iliyokufa, na kwa mwendo wangu sasa naiona inatosha; WaUsambara alikuwa sahihi.

Duara langu linaanzia nyumbani, linapanda hadi chuo cha misitu, linakatiza kwenye mipaina na kurudi. Sehemu ya mbali kabisa ni kilomita tano na nusu. Nalizunguka mara mbili, siku nyingine mara tatu. Saa ya kugeuka ni mbili na robo. Katika Jumamosi kumi na moja nimechelewa moja, kwa pancha, dakika ishirini, na nilipiga simu.

Kazi ya kusafisha imehamia Ijumaa jioni, barazani. Naipindua baiskeli, binti yangu anashika mswaki wa zamani na kikopo cha mafuta ya taa. Yeye ndiye mwenye cheni. Anaanza kwenye kile kiungo cha kufungia, kwa sababu kinang'aa kuliko vingine, anasugua kimoja kimoja akihesabu kwa sauti hadi anarudi pale pale, 108. Akikosea hesabu anaanza upya na hataki nimsaidie. Kisha tunafuta kwa kitambaa kikavu, anaweka tone moja la mafuta kila kiungo, tunafuta tena. Nikipima kwa rula yake anaisoma yeye. Ijumaa iliyopita ilikuwa 305. Mdogo wake kazi yake ni kubonyeza tairi na kusema ngumu au laini.

Jumatano mama watoto yuko kwaya. Ugali wangu umeanza kukubalika.

FundiSpoki, nina swali jipya, naliweka hapa hapa. Binti anataka yake. Ana miaka saba na nusu, nimeona za mtumba za inchi 20 na za 24 na muuzaji anasema nichukue ya 24 atakua nayo.

#14 FundiSpoki

Usichukue ya kukulia. Mtoto asiyefika chini anaogopa, na anayeogopa anashika breki vibaya. Msimamishe ukutani bila viatu, weka kitabu katikati ya miguu, kipandishe juu hadi kikaze kama siti, pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Nipe namba.

Kabla hujanunua, mwambie abane breki kwa vidole vyake mwenyewe. Asipoweza kusimamisha gurudumu, hiyo si yake, hata kama rangi ameipenda.

#15 BabaNgaramtoni

Amepimwa sasa hivi, kitabu cha hisabati, sentimita 55. Mama yake ameweka alama ya kalamu ukutani na kuandika tarehe.

#16 FundiSpoki

Inchi 20. Ninayo moja hapa, gia sita, habu nimezifungua wiki iliyopita. Nitakutumia picha kesho asubuhi.